Kompyuta inayozimika baada ya kuongezewa memwari: tuanzie wapi?



Juma hili tunajibu barua ya mama mmoja wa Alunguli. Yeye na binti yake wana meza ya kuchapa na kutoa fotokopi. Wanafunzi wanawaletea kazi zao za mwisho wa masomo, wanachapa, wanasahihisha, wanatoa kwenye karatasi. Kompyuta yao, au ordinatere kama wengi wetu tunavyoita, ni laptopu iliyotumika, ina memwari ya giga 2. Ilikuwa inaenda polepole sana. Fundi mmoja akawauzia bareti nyingine ya giga 4, akaipachika pembeni ya ile ya zamani, akalipwa, akaenda zake.

Siku ya kwanza waliona raha. Siku ya pili kioo kiligeuka buluu na mashine ikajiwasha upya yenyewe. Siku ya tatu iliganda mara nne. Sasa fundi anasema ni virusi, lazima wafomati yote. Ndani ya mashine hiyo mna kazi za wanafunzi kumi na mmoja ambao siku zao za kuzisomea mbele ya walimu zinakaribia, na mna pia hesabu za likelemba ya akina mama wa mtaa wao. Mama anauliza: tukubali kufomati, au tuiuze hivyo ilivyo?

Mama, jibu letu la kwanza ni fupi: msifomati, msiuze, na kuanzia leo msiandike kitu kingine chochote katika mashine hiyo mpaka mmalize kusoma ukurasa huu. Waambieni pia wanafunzi wangoje siku mbili. Kifaransa kina neno moja kwa vitu viwili, memwari ya kompyuta na memwari ya mwanafunzi. Tusiache ile ya kwanza iile ya pili.

Memwari ni nini hasa?

Sisi wa Maniema tunajua mpunga. Ukitaka kuuchambua, huchambui ndani ya ghala. Unachota sehemu, unaimwaga juu ya mkeka, unaifanyia kazi pale, kisha unairudisha. Disiki ya kompyuta ndiyo ghala: vitu vinakaa humo hata umeme ukikatika. Memwari, ambayo mafundi huita ramu, ndiyo mkeka: kila unachokifungua na kukiandika kinapita juu yake kwanza, na umeme ukikatika mkeka unakuwa mtupu. Mkeka ukiwa mdogo, unachota kidogo kidogo na kazi inachelewa. Ndiyo maana watu huongeza memwari, na ni wazo zuri. Kwa mashine ya zamani, mara nyingi ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote.

Lakini mkeka mpya ukiwa na tundu, punje zinapotea na mchanga unaingia. Na hapa ndipo penye hatari ambayo fundi wa barua hii hakuisema. Kompyuta kuzimika ni kelele tu. Hatari kubwa ni ile isiyopiga kelele: faili linapita juu ya mkeka wenye tundu, linarudi ghalani likiwa na tarakimu iliyobadilika au ukurasa uliovurugika, na mashine haikuambii chochote. Ikizimika unajua kuna shida. Ikibadilisha 40.000 kuwa kitu kingine, utajua siku ya kugawana, wakati watu tayari wameshaanza kutazamana vibaya.

Yaliyotokea Schaerbeek

Msidhani tunatia watu hofu. Tarehe 18 Mei 2003 Ubelgiji ilikuwa na uchaguzi wa bunge. Katika wilaya ya Schaerbeek, mjini Bruxelles, watu walipiga kura kwa kompyuta. Walipojumlisha, mgombea mmoja wa chama kidogo alionekana na kura nyingi kuliko zilivyowezekana. Wakazihesabu upya kadi za wapiga kura. Tofauti ikatoka kura 4.096 kamili.

Kwa nini namba hiyo? Kompyuta huhesabu kwa kurudufisha: 1, 2, 4, 8, 16, hivyo hivyo. Ukienda mpaka hatua ya 13 unakuta 4.096. Maana yake ni kwamba nukta moja tu ndani ya memwari, ile ya 13, iligeuka kutoka sifuri kuwa moja. Mashine ilipopimwa haikuonekana na kasoro, na programu yake haikuwa na kosa. Wataalamu wakasema ni nukta iliyojigeuza yenyewe, jambo linaloweza kuletwa na chembe ndogo zitokazo angani.

Hilo la Schaerbeek lilikuwa la mara moja. Bareti mbovu hufanya hivyo kila siku, mara nyingi kwa siku. Na haya si mambo adimu: mwaka 2009 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Toronto pamoja na wenzake wa Google walichapisha uchunguzi wa mashine nyingi za kampuni hiyo, wakakuta kwamba katika kila bareti 100, zaidi ya 8 zilipata kosa katika mwaka mmoja. Hizo ni mashine zinazotunzwa vizuri. Sisi tunanunua bareti zilizotolewa katika mashine za watu wengine, zikasafiri kwenye mizigo, zikakaa mezani sokoni bila mfuko.

Angalieni pia ni kitu gani kiliwaokoa watu wa Schaerbeek: kulikuwa na kadi za kuhesabu upya. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Kanuni ya kwanza: kilichoingia mwisho ndicho kinachoulizwa kwanza

Mtoto akianza kuharisha, mama hauulizi ukoo mzima. Anauliza: leo umekula nini ambacho jana hukula? Kompyuta ilikuwa inaenda polepole, lakini ilikuwa haizimiki. Kilichobadilika ni bareti. Virusi wanaweza kuwepo, lakini hawakuja siku ile ile kwa bahati. Basi tunaanza na bareti, na hatugusi kitu kingine mpaka tumemaliza nayo.

Toeni bareti mpya. Rudisheni mashine kama ilivyokuwa, na ile ya giga 2 peke yake. Itaenda polepole, vumilieni. Mkishaona inatulia, ndipo mnakili mafaili yote kwenye flashi, ikiwezekana flashi mbili. Mpangilio huu ni muhimu: ukinakili wakati bareti mbovu bado imo, unaweza kunakili uharibifu na kuuita akiba.

Na kufomati? Kufomati kunasafisha ghala, na tundu liko kwenye mkeka. Baada ya kufomati mashine ingezimika vile vile, kazi za wanafunzi zikiwa zimeshapotea, na fundi angelipwa mara ya pili.

Namna ya kufungua bila kuharibu

Kazi hii binti wa miaka kumi na mitano anaweza kuifanya akiwa na turnevisi ndogo na subira. Zimeni mashine kabisa. Chomoeni waya wa umeme. Kama betri ya laptopu inatoka, itoeni. Kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, ili umeme uliobaki ndani uishe.

Kaeni kwenye meza ya mbao, si juu ya zulia wala kitambaa cha nailoni. Guseni kwanza chuma chochote kikubwa, kama fremu ya dirisha, ili umeme mdogo wa mwilini utoke. Umeme huo hamuuoni wala hamuusikii, lakini unaweza kuua bareti. Shikeni bareti kwa pembe zake, msiguse meno yake ya rangi ya dhahabu, maana jasho la vidole linaacha mafuta.

Kwenye laptopu nyingi bareti inashikwa na vibanio viwili pembeni. Visukumeni nje taratibu, bareti itainuka yenyewe kama kifuniko, kisha mnaivuta. Kuirudisha: ingizeni kwa kuiinamisha mpaka meno yazame, halafu kandamizeni mpaka vibanio vilie. Bareti iliyoingia nusu ni mojawapo ya sababu kubwa za mashine kuzimika, na haihitaji fundi wala pesa. Mara nyingi kuitoa na kuirudisha vizuri kunamaliza ugonjwa.

Meno yakiwa na vumbi au weusi, yafuteni polepole kwa kifutio cheupe cha penseli, kisha kwa pamba yenye alkoli safi ya duka la dawa, na kuacha vikauke. Si maji, si mate, na tafadhali si lotoko. Vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, na hewa yenye unyevu ya kando ya mto inaligandisha. Tundu la bareti nalo lipulizwe kwa pampu ya mpira au kwa brashi laini kavu.

Someni karatasi iliyobandikwa

Kila bareti ina karatasi ndogo yenye maandishi. Wekeni mbili hizo pamoja mlinganishe.

Kwanza tazameni kizazi: DDR2, DDR3, DDR4 au DDR5. Hivi havichanganyiki. Kila kizazi kina pengo mahali pake kati ya meno ili kisiingie kwenye tundu la kingine. Bareti ikikataa kuingia, msiilazimishe: imewaambia ukweli.

Pili tazameni nguvu ya umeme. DDR2 hutumia volti 1,8, DDR3 volti 1,5, na DDR4 volti 1,2. Sasa, kuna ndugu wawili wanaofanana sana: DDR3 ya kawaida ya volti 1,5 na DDR3L ya volti 1,35. Pengo lao liko mahali pamoja, zote zinaingia, na hapo ndipo wengi hunaswa. Kwenye karatasi ya ya kwanza mtaona PC3, na ya pili PC3L. Ile ya L inaweza kufanya kazi pia penye volti 1,5. Lakini laptopu nyingi zilizotengenezwa kuanzia 2013 hivi zinatoa volti 1,35 tu. Ukizipa bareti ya kawaida zitakataa kuwaka, au zitawaka na kuyumba. Bareti si mbovu, mashine si mbovu, ila hawakuumbwa kuishi nyumba moja.

Tatu tazameni mwendo, ile namba kama 1333 au 1600. Miendo miwili tofauti kwa kawaida hukaa pamoja, na yenye kasi hufuata mwendo wa ile ya polepole. Lakini mara nyingine haziafikiani, hasa zikiwa za watengenezaji tofauti.

Jaribio la moja moja

Sasa tunajaribu kwa utaratibu. Chukueni daftari, kila jaribio mliandike, maana kichwa husahau.

Jaribio la kwanza: bareti ya zamani peke yake, katika tundu lake la zamani. Fanyeni kazi siku nzima. Ikitulia, mashine yenyewe ni nzima.

Jaribio la pili: bareti mpya peke yake katika tundu hilo hilo. Ikizimika, shida ni bareti hiyo: ama ni mbovu, ama haifai kwa mashine yenu. Irudisheni kwa aliyeiuza.

Jaribio la tatu, kama ya pili imetulia: wekeni bareti ya zamani katika tundu jingine peke yake. Ikizimika, tundu hilo ni chafu au limevunjika. Mashine chache hukataa kuwaka tundu la kwanza likiwa tupu, basi msishtuke zikifanya hivyo. Tena laptopu nyingine zina memwari iliyogandishwa kwenye bodi na tundu moja tu. Kwa hizo majaribio ni mawili.

Jaribio la nne: kila moja peke yake ni nzima, kila tundu ni zima, lakini zikiwa pamoja mashine inazimika. Hapo ni bareti zisizoelewana. Fundi mwenye uzoefu anaweza kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio uitwao BIOS na kurudisha yote kwenye hali ya kiwandani. Wakati mwingine inatosha. Isipotosha, chagueni ile ya giga 4 peke yake muuze ya giga 2. Giga 4 zinazotulia ni bora kuliko giga 6 zinazoyumba.

Na kama jaribio la kwanza lenyewe limeshindwa, yaani hata bareti ya zamani peke yake inazimisha mashine? Basi kitu kiliguswa siku ya kufungua, au kuna ugonjwa mwingine. Angalieni kama feni inazunguka na kama waya wake umechomekwa. Gusa chini ya laptopu: ikichoma mkono, inazimika kwa joto. Kisha tazameni umeme. Wengi wetu tunaishi kwa jua na kwa grupu, na grupu dogo likibebeshwa friji na mashine ya kunyolea, volti zinapanda na kushuka. Laptopu ina betri ya kuilinda, lakini kompyuta ya mezani haina. Bila regulateri au onduleri, itajiwasha upya kila grupu likikohoa, na watu watalaumu memwari bure.

Kuiuliza mashine yenyewe

Kuna njia ya kupima bila kubahatisha. Kompyuta nyingi zenye Windows zina kipimo ndani. Bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows, andikeni mdsched, bonyezeni kuingia, mkubali iwashwe upya. Itapima memwari, itarudi, na itawaonyesha jibu baada ya kufungua. Kipimo kikali zaidi ni Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows. Inaandika na kusoma kila sehemu ya mkeka kwa namna nyingi, na inaweza kuchukua saa kadhaa.

Jibu lake halina mjadala. Makosa sifuri ndiyo yanayokubalika. Muuzaji akisema kosa moja au mawili si kitu, muulizeni kama angekubali noti zake zihesabiwe hivyo. Ila na sifuri yenyewe isiwe ya dakika tano: ngojeni mzunguko mzima umalizike. Fanyeni hivyo mchana wakati jua ni kali na betri imejaa, au siku mnapojua mafuta ya grupu yanatosha. Umeme ukikatika katikati hakuna kilichoharibika, mnaanza upya tu.

Kioo cha buluu nacho husema. Kabla hakijatoweka kipigeni picha kwa simu. Mkiona 0x0000001A au 0x00000050, memwari ni mshukiwa wa kwanza, ingawa programu ya kifaa fulani inaweza pia kuleta hayo. Na mashine ikipiga milio badala ya kuwaka, hesabuni milio, andikeni namba, mpeleke kwa fundi. Kila mtengenezaji ana lugha yake ya milio.

Jambo moja msilaumu watu kwa ajili yake. Mkiweka giga 6 na mashine ikaonyesha 3 na kitu, si lazima mmeibiwa. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya giga 4, na sehemu ya hizo huchukuliwa na vifaa vingine. Lakini hilo halizimishi mashine. Ni mkeka mkubwa katika chumba kidogo, unakunjwa pembeni.

Sasa hesabu za likelemba

Mashine ikishapona, kazi haijaisha. Tafuteni siku ambayo bareti mpya ilipachikwa. Kila kilichoandikwa na kuhifadhiwa kuanzia siku ile mpaka siku ilipotolewa, kihesabiwe kuwa kina shaka mpaka kikaguliwe. Kwa kazi za wanafunzi, fungueni kila faili, mpitie ukurasa kwa ukurasa pamoja na mwenyewe, hasa majedwali na namba. Faili likikataa kufunguka, tafuteni nakala ya zamani kwenye flashi ya mwanafunzi au katika ujumbe aliowatumia, kabla ya kuanza kuchapa upya.

Kwa likelemba, kaeni akina mama wawili, mmoja na daftari, mwingine mbele ya kioo. Mmoja asome jina na kiasi kwa sauti, mwingine ajibu. Msitegemee jumla ya chini kuwaonyesha kosa, maana kompyuta hujumlisha vizuri kabisa namba ambayo tayari imeharibika. Mkikuta tofauti, daftari ndilo linaloaminiwa, kisha mwenye pesa aitwe, aone, na atie sahihi. Fanyeni hivyo mbele ya watu, kabla mtu hajauliza. Pesa ikipotea inatafutwa ikapatikana. Uaminifu wa mweka hazina ukishanong'onwa sokoni, hata hesabu ikija kuwa sawa, minong'ono hubaki.

Ndiyo maana tunasema kila juma kwa vikundi vyote, viwe likelemba au AVEC: kompyuta isaidie daftari, isilifukuze. Watu wa Schaerbeek walikuwa na kadi zao. Sisi tuwe na daftari letu, lenye wino na sahihi, linalokaa kwa mwanamke mwingine, si kwa yule anayeshika mashine.

Mkinunua tena

Nendeni na bareti ya zamani mkononi, au picha ya karatasi yake. Ombeni kuijaribu kabla ya kulipa yote: lipeni nusu, iwekwe, ifanye kazi siku tatu, ndipo mlipe iliyobaki. Mwandikiane tarehe, kiasi na siku za kurudisha. Fundi akitoa kitu ndani ya mashine yenu, kitu hicho ni chenu, arudishe mkononi. Fundi mwema hachukizwi na masharti haya. Wengi wao watafurahi kupata mteja anayejua anachouliza.

Na mabinti mnaosoma haya, msikubali kuambiwa kwamba ndani ya kompyuta si mahali penu. Bati linalounganisha vipande vya bareti na bodi yake hutokana na kasiteriti, jiwe lile lile linalochimbwa Kalima, Punia na Kailo. Tantali inayotoka kwenye koltani imo katika vifaa vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi nyingi. Mama zenu wamebeba mawe hayo vichwani. Kujua yanafanya nini yakirudi kwetu ni haki yenu.

Mama wa Alunguli, tunangoja habari zenu. Tuandikieni jaribio lipi lilitoa jibu, ili na wengine wafaidike. Wanafunzi wenu waambieni kazi zao hazijapotea, ziko ghalani, zinangoja mkeka mzuri.

Juma lijalo tutajibu swali la betri za paneli za jua zinazokufa kabla ya mwaka. Mwenye swali lake alete kwa katibu wa mtaa. Kaeni salama.